Breki za 109 zilizokufa chini ya Soni

Msomaji wa Lushoto ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 pikapu ya mwaka 1976, nimeachiwa na baba mdogo. Injini ya petroli iliondolewa zamani, sasa ina 3L ya Toyota, injini ya dizeli. Breki ni dramu magurudumu yote manne, na haina busta ya kusaidia mguu. Nashusha kabichi na karoti Mombo. Mwezi uliopita nilipokwisha kupita Soni, katikati ya mteremko, pedali ikaanza kulegea kila nikikanyaga, mwishowe ikagusa sakafu. Niliponea kwa gia na kwa kuliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima. Nilipokaa nusu saa, breki zikarudi kama vile hakuna kilichotokea. Fundi wa huku anasema dramu ni za kizamani, nifunge diski mbele pamoja na busta, jumla milioni tatu na nusu. Nifanye hivyo, au niuze gari?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mkasa, na hongera kwa kuchagua ukuta wa mlima mapema. Wengi hung'ang'ania usukani wakisubiri pedali ijirudie yenyewe, na ule upande mwingine wa barabara hauna ukuta.

Gari usiuze. Na hizo milioni tatu na nusu usizitoe kwanza. Sina ugomvi na diski. Ila kwa maelezo yako, kilichokufa siku ile si dramu, na ukifunga diski juu ya tatizo ulilonalo utashuka Soni na breki mpya zinazokufa kwa namna ileile, pengine mapema zaidi.

Sentensi iliyonifumbua macho kwenye barua yako ni ile ya nusu saa. Paipu iliyopasuka hairudi kwa kupumzika. Raba ya masta (silinda kuu inayosukumwa na pedali) iliyolika hairudi kwa kupumzika. Breki inayoondoka ikipata moto na kurudi ikipoa inaumwa joto, na ndiyo sababu fundi wako, alipolikagua gari kesho yake kwenye baridi ya Lushoto, hakuona kasoro akaulaumu umri.

Tupige hesabu kidogo. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000 kwa barabara ya kilomita 33 hivi. Gari lako na mzigo wake tuseme ni tani mbili na nusu, na hapo nakuhurumia, maana najua lumbesa za kabichi zinavyofungwa. Nguvu iliyolipandisha gari lile hadi juu haipotei. Wakati wa kushuka lazima itokee mahali, na ikitokea kwenye breki inatoka kama joto. Kwa uzito huo na kimo hicho, ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji baridi, yaani ndoo kubwa tatu na nusu. Injini na upepo vikichukua sehemu yake, kinachobaki kinaingia kwenye dramu nne za chuma ambazo kila moja ina upana wa inchi 11 tu. Ukishuka kwa gia kubwa mguu ukiwa juu ya pedali njia nzima, karibu ndoo zote ni zao.

Sasa, joto huua breki za dramu kwa njia tatu, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Kwanza, lainingi, yale mabamba yanayosugua dramu kwa ndani, huchoka: zikipita moto wake zinateleza, pedali inabaki juu, ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa miguu miwili na gari halijali, na kuna harufu ya kuungua. Pili, dramu yenyewe hutanuka. Ikitanuka inaikimbia breki shuu (chuma kinachobeba lainingi), kwa hiyo pedali inashuka zaidi kabla ya kushika, lakini ukipampu mara moja au mbili inapanda na inashika. Tatu, mafuta ya breki huchemka. Kazi ya mafuta ni kutobonyea, mvuke unabonyea. Yakichemka ndani ya wili silinda, ile silinda ndogo ya kwenye gurudumu, mguu wako unabana mapovu badala ya kusukuma pistoni, na pedali inalegea hatua kwa hatua hadi sakafuni. Yakipoa, mapovu yanayeyuka na breki inarudi. Hiyo ndiyo hadithi yako, neno kwa neno.

Kuna jambo moja linanitatiza hapo. Breki za dramu kwa kawaida hazichemshi mafuta kirahisi, kwa sababu wili silinda inaisukuma breki shuu kwenye ncha yake tu, mbali kidogo na moto. Kwenye diski, pistoni ya kalipa (koleo linalobana diski) imekaa juu ya mgongo wa pedi, na joto lina njia fupi ya kuyafikia mafuta. Ndiyo maana nimesema diski zako mpya zingeweza kufa mapema zaidi. Dramu ikifikia kuchemsha mafuta, mimi nashuku mambo mawili kwa pamoja: mafuta yana maji mengi, na kuna gurudumu moja au zaidi linalobana muda wote bila wewe kujua.

Tuanze na mafuta, maana ndipo gari nyingi za zamani zinapougulia na ndipo watu wanapopadharau. Mafuta ya breki hunywa maji. Yanayavuta kutoka hewani kupitia tundu la mfuniko na hata kupitia mipira ya breki, zile paipu laini zinazokwenda kwenye magurudumu, na huko kwenu kwenye ukungu yanakunywa vizuri. DOT 3 (ndilo daraja linaloandikwa kwenye kopo) ikiwa mpya inapaswa kuhimili angalau nyuzijoto 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji yanayokaribia asilimia 4, kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na ikilowa hushuka hadi 155. Ukiona chupa ya mafuta kwenye gari lako ina rangi ya chai ya rangi, na hukumbuki ni lini yalibadilishwa yote, basi unatembea na hiyo namba ya pili au chini yake. Kuongezea juu si kubadilisha. Yanayochemka ni yale yaliyoko kule kwenye gurudumu, ambayo pengine yapo tangu enzi za baba mdogo.

Nunua DOT 4 ya kampuni inayojulikana, kopo dogo la nusu lita, mawili au matatu, na usifungue la pili kabla la kwanza halijaisha. Lililobaki wazi kwa miezi kwenye rafu ya gereji usilitumie, hata kama ni la bure. DOT 5, ile ya silikoni, iache. Haichanganyiki na haya. Na kabla hujamwaga chochote, fanya jaribio la glasi: tia matone machache ya yale uliyonunua kwenye maji, ukoroge. Mafuta halisi ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanayeyuka na maji na kupotea. Yakielea kama mafuta ya kupikia, hiyo ni oili ya madini iliyotiwa kwenye kopo la breki, na ikiingia kwenye mfumo raba zote zinavimba kama maharage yaliyolowekwa. Mimi yamenikuta. Niliuziwa kopo zuri lenye lakiri yake, nikalitia kwenye gari la mteja, na baada ya siku tatu mfuniko wa masta ulipofunguliwa raba yake ilikuwa imekunjamana. Nilibadilisha raba zote za gari lile kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo glasi ya maji haikosekani mezani kwangu.

Fanya jaribio hilohilo kwa mafuta yaliyomo kwenye gari sasa. Yakielea, kazi imekuwa kubwa: raba zote zitoke, mipira itoke, na paipu zisafishwe kwa spiriti. Na kama kuna dereva aliwahi kuongezea maji ya sabuni njiani ili afike, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, utakuta kutu ndani ya masta na wili silinda. Silinda yenye mashimo ya kutu usiipige msasa ukairudisha. Nunua mpya.

Sasa gurudumu linalobana. Tembea kilomita tano tambarare, ukisimama kwa gia na kugusa breki kidogo iwezekanavyo, kisha nyunyizia kila dramu maji kwa vidole. Lile ambalo matone yanakauka haraka au kuruka ndilo adui. Linyanyue kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Likiwa gumu, fungua nipeli ya kutolea upepo robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, presha ilikuwa imenaswa huku chini, na mara nyingi mkosaji ni mpira wa breki. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani mpaka tundu lake linakuwa kama la sindano: mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, ila yakitaka kurudi hayana wa kuyasukuma. Kwa nje unaonekana mzima, mweusi, hauna ufa. Gari lako lina mipira mitatu tu, miwili mbele na mmoja wa nyuma unaokwenda kwenye ekseli. Badilisha yote mitatu bila kuichunguza. Ukifungua nipeli na gurudumu bado limekaza, basi shida iko ndani ya dramu: springi imekatika, pistoni imeshikwa na kutu, au mtu amekaza mno virekebishi.

Na hapo kwenye virekebishi ndipo palipo na uhai wa gari hili. Breki za 109 hazijirekebishi zenyewe kama za gari za siku hizi. Lainingi ikilika milimita moja, pedali inashuka, na itaendelea kushuka hadi mtu aingie chini na spana. Mbele kila gurudumu lina viwili, kimoja kwa kila breki shuu, nyuma ya bamba. Nyuma utakikuta cha kwake. Nyanyua gurudumu, kaza hadi lisizunguke kabisa, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huku ukisikia mkwaruzo mwepesi sana wa karatasi. Mkwaruzo mzito ni joto. Kati ya hatua moja na nyingine kanyaga pedali mara moja ili breki shuu zikae katikati, kisha rudia. Madereva wa zamani wa mlima huo walifanya hivyo kila mwezi wakati wa mavuno. Nadhani nusu ya sifa mbaya za breki za Land Rover inatokana na spana hiyo kutoshikwa.

Ukiwa umefungua dramu, usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na asbesto, na hujui ni nani alizifunga na lini. Lowesha kwa maji, futa kwa tambara, tupa tambara. Kisha tazama kama kuna unyevu. Nyuma, oili sili za haabu zikichoka, oili ya difu inatambaa hadi kwenye lainingi, na lainingi iliyokunywa oili haisafishiki kwa petroli wala kwa moto, hata kama fundi atakuapia. Itatoa oili tena siku ikipata joto, yaani siku unayoihitaji. Badilisha sili kwanza, lainingi baadaye, na daima kwa ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litakuvuta upande mmoja.

Dramu zenye mitaro peleka kwa mkerezaji. Kitabu cha Land Rover kinaruhusu kuongeza kipenyo kwa milimita 0.75 tu kutoka kile cha kiwandani. Kikipita hapo dramu imekuwa nyembamba, inapata moto haraka na kutanuka zaidi, na umerudi palepale chini ya Soni. Mwambie akereze zote mbili za ekseli moja kwa kipimo kimoja. Lainingi za kubandika si haramu, mradi aliyebandika anajua kuichonga ifuate mviringo wa dramu. Zile zinazogusa katikati tu au kwenye ncha tu zitakupa breki ya robo mpaka zijichonge zenyewe, na wakati zinajichonga wewe una kabichi nyuma. Baada ya kufunga mpya, zipe kilomita mia mbili za upole, bila mzigo mzito, kabla ya kuzipeleka mlimani.

Paipu za chuma zipitie kwa vidole kutoka kwenye masta hadi nyuma, hasa pale zinapopita juu ya ekseli na chini ya chesesi ambako tope hukaa. Penye kutu ya kubonyea, badilisha. Usikubali shaba ya friji. Ni laini, hupata ufa kwa mtikisiko, na haikutengenezwa kwa presha ya breki. Omba ile ya shaba na nikeli, na mdomo wake utanuliwe kwa kifaa chenyewe. Anayetaka kuichomelea mrudishie paipu yako uondoke.

Masta ijaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga kwa nguvu ya wastani, shikilia dakika nzima. Pedali ikizama polepole na hakuna tone linalovuja popote, raba za ndani zinapitisha. Ikisimama, masta ni nzima.

Kisha kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, na hapa nakupa siri ya 109, maana silinda mbili za kila gurudumu la mbele hupenda kuficha hewa na watu hukesha. Kabla ya kuanza, kaza virekebishi vyote hadi breki shuu zibane dramu. Pistoni zinakosa pa kutembea, na mafuta mapya yanayasukuma yale ya zamani pamoja na hewa yake. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni, kwa sababu raba za masta ya zamani zikisukumwa hadi mahali ambapo hazijawahi kufika hukutana na kutu na kukatika. Endelea mpaka yanayotoka yawe na rangi ya yale uliyotia. Ukimaliza, usisahau kulegeza virekebishi. Nimeshaona gari likitoka gereji limekaza vyote, likawaka moshi kabla ya kufika sokoni. Mafuta yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji hapohapo, maana yanaichubua.

Kazi hiyo yote, pamoja na lainingi, mipira, raba na mafuta, haitafika milioni tatu na nusu hata ukimlipa fundi vizuri. Na itakurudishia breki ambazo gari lilikuwa nazo lilipotoka kiwandani, ambazo huenda hujawahi kuzionja tangu ulirithi.

Sasa tuje kwenye kuboresha, maana najua bado unataka. Mimi ningepanga foleni kinyume cha fundi wako.

Cha kwanza ni masta ya njia mbili. Gari lako la 1976 lisilo na busta lina njia moja: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Series III (kizazi cha gari lako) za baadaye zilikuja na masta yenye vyumba viwili, kimoja cha mbele na kingine cha nyuma, kwa hiyo kikipotea kimoja kinabaki kingine. Pedali inashuka, gari linachelewa kusimama, lakini linasimama. Kwa mtu anayeishi juu ya mlima sioni fedha yenye maana kuliko hiyo.

Cha pili ni busta, na masta ya njia mbili mara nyingi huja nayo ikiwa pamoja na kiti chake cha pedali, kwa hiyo tafuta seti nzima kutoka gari moja. Kuchanganya masta ya hapa na busta ya pale ndiko kunakoleta pedali ngumu au inayokosa kurudi. Kipenyo cha ndani cha masta kinapaswa kulingana na silinda za magurudumu. Injini yako imekurahisishia jambo moja. Dizeli haina mvuto wa hewa wa kutosha kwenye manifoldi kama petroli, na wenye dizeli za zamani za Land Rover huhangaika hapo. Lakini 3L ya Toyota ina pampu ya mvuto nyuma ya alteneta. Angalia kama aliyefunga injini hakuziba ile paipu yake. Alteneta ikishabadilishwa na ya gari jingine, pampu nayo imekwenda.

Lakini ujue unanunua nini. Busta inapunguza kazi ya mguu. Haiongezi hata chembe uwezo wa dramu wa kumeza joto. Mtu mwenye busta anaweza kuchemsha mafuta bila kutokwa jasho, na hilo ndilo linalonitia hofu. Tena inafanya kazi injini ikiwaka. Ukizima ili kuokoa dizeli kwenye mteremko, una mikanyago miwili au mitatu tu ya msaada, kisha pedali inageuka kuwa ngumu kuliko ya gari lisilo na busta.

Diski nimeziweka mwisho. Faida zake ni za kweli: zinapoa haraka kwa kuwa ziko wazi, zikipata moto zinanenepa kuelekea pedi badala ya kuikimbia, zikilowa zinajifuta mara moja, na unaona unene wa pedi bila kufungua kitu. Land Rover wenyewe waliweka diski mbele kwenye One Ten (110) ya 1983, na waliwaza kabla ya kufanya hivyo. Lakini kumbuka breki za mbele za 109 ni za aina ambayo shuu zote mbili hujivuta zenyewe kwenye dramu gari likienda mbele. Zinajiongezea nguvu. (Zikienda kinyumenyume hupoteza nguvu hiyo, kwa hiyo usishangae gari likisitasita kusimama unaporudi nyuma mlimani.) Diski haijivuti. Bila busta utakanyaga hadi goti liume. Kwa hiyo diski ni busta, ni masta inayolingana, ni kalipa, ni haabu, ni rimu zitakazopita juu ya kalipa, na ni kuhakikisha breki za nyuma hazitatangulia kushika na kulizungusha gari kwenye kona. Akikuahidi hayo yote kwa milioni tatu na nusu, muulize vifaa vinatoka gari gani, na kama ataandika. Akisema ataleta ekseli nzima ya 110, mkumbushe kwamba ile imetengenezwa kwa koili na yako inakaa kwenye springi za bapa. Hapo mnazungumzia kuchomelea, na kuchomelea ekseli ya mbele si mzaha.

Umenieleza gari, hukunieleza gia. Waalimu wa udereva wa zamani walisema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na kwa 109 yenye mzigo ningesema gia ya pili kuanzia Soni, iingizwe kabla ya mteremko, si katikati yake. Dizeli haina kile kifuniko cha hewa ambacho petroli hukifunga ukiachia mafuta, kwa hiyo usitegemee ishikilie kama injini ya zamani ilivyoshikilia. Kama baba mdogo alishukia gia ya tatu, wewe shuka na ya pili. Usitie gia nzito za transfa (giaboksi ndogo ya pili) kwenye lami. Kwenye gari hili zinakuja pamoja na magurudumu manne, na kwenye lami kavu yenye kona ekseli mbili zitapigana mpaka kitu kivunjike. Breki ikanyage kwa uthabiti, punguza mwendo mpaka ushuke chini ya ule unaoutaka, kisha achia kabisa ipumue. Mguu unaogusagusa njia nzima ndio unaojaza zile ndoo. Pedali ikianza kushuka, simama palepale ikiwa bado inashika. Usimwagie dramu maji ya mto zikiwa na moto, zitapasuka.

Na breki ya mkono: haiko kwenye magurudumu. Ni dramu ndogo nyuma ya transfa inayokamata propela shafti. Ukiivuta kwa nguvu gari likiwa kwenye mwendo, unapiga gia na hafu shafti kama kwa nyundo. Iache kwa dharura ya mwisho. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki ile haishiki tena. Difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke huku na lile la chini likizunguka kule, gari linaondoka na wewe uko chini yake. Kwa kazi zote nilizokuandikia hapo juu, tia mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini kabla ya kushika jeki.

Anza na glasi ya maji na mipira mitatu. Ukishatoa upepo, shuka mara ya kwanza na gari tupu, kwa gia ya pili, na usimame Soni unyunyizie dramu maji kwa vidole kama nilivyokueleza, matone tu. Niandikie ni lipi lililokausha haraka na pedali ilikuwa wapi. Ukiwa bado unataka diski baada ya hapo, nipimie kipenyo cha masta na uniandikie namba iliyogongwa kwenye rimu, tuone ni vifaa vipi vitaingia.